Mtoto Niliyemtoa Nje Alfajiri

Kwetu Bukom, mtaa wa wavuvi wa pwani, mtoto akizaliwa hufichwa ndani siku saba, kama mgeni ambaye hajaamua kama atakaa au ataondoka. Siku ya nane, kabla ya jua, mtu mmoja aliyechaguliwa na ukoo wa baba humbeba hadi uani na kumlaza chini akiwa uchi. Maji hurushwa juu ya paa la bati ili yamdondokee kama mvua, kisha mtu huyo humwombea na kumwonyesha dunia. Hachaguliwi ovyo. Hutafutwa mtu wa tabia njema, maana sisi Waga tunaamini kwamba tabia ya anayemtoa mtoto ndiyo itakayomwingia. Baba anaweza kuwa mlevi na mjomba mwizi wa nyavu, lakini mtu wa alfajiri lazima awe safi.

Kotei nilimtoa mimi.

Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu na stashahada yangu, sinywi, sichezi kamari, na kila Jumapili nakaa benchi la mbele kanisani. Shangazi wa mtoto, Naa Amerley, alikuja kuniambia kwamba wamenichagua kwa sababu hakuna aliyewahi kunisikia nikigombana na mtu. Niliipokea heshima hiyo kwa uso wa mtu anayeistahili. Lakini Bukom mtu hagombani kwa mdomo peke yake. Ukianza na neno lazima umalizie na ngumi, nami ngumi sina. Ukoo mzima uliutazama woga wangu ukauita upole, na jina hilo likanikaa vizuri kama koti la kuazima.

Basi mtoto akakua, na alipoanza kukua hakujua pa kuishia. Mtaa wetu huzaa mabondia kama mitaa mingine inavyozaa washona nguo, lakini ni mabondia wadogo, watu wa mifupa na kasi. Mzito kwetu ni kitu adimu. Kotei alikuja darasani kwangu akiwa na mabega ya baba wa watoto, akavunja dawati bila utundu wowote, kwa kukaa tu, kisha akaliomba msamaha. Nilimpeleka mbele ya darasa kama mfano wa adabu. Nilipenda sana kumtumia kama mfano. Kila sifa yake ilikuwa na risiti yenye jina langu.

Alipokuwa mtu mzima alipata kazi ya kubeba barafu kwenye soko la samaki. Mabonge huteremshwa kutoka kwenye lori, naye huyaweka begani juu ya gunia, matone yakimtiririka mgongoni, akiwapelekea kina mama wa samaki mmoja baada ya mwingine. Jioni huenda kwenye klabu ya ngumi iliyo kando ya kisima cha zamani, sakafu ya saruji na kamba zilizounganishwa-unganishwa, akaupiga mfuko wa mchanga mpaka boriti inalia. Ulingoni ni mpole vilevile. Mpinzani akianguka, Kotei ndiye wa kwanza kuinama kumwinua, mpaka waamuzi wakachoka kumkanya. Wazito wenzake waliletwa kutoka Kumasi, kutoka Lome, kutoka Cotonou. Walishuka kwenye basi wamejaa maneno, wakapanda basi la kurudi kimya.

Kulikuwa na mmoja tu ambaye hakuhitaji basi. Huyo ni Sowah, mchomelea vyuma wa upande wa Majiko, kule chini kina mama wanakokausha samaki kwa moshi. Kutoka kisimani hadi Majiko ni mwendo wa kumaliza donge moja la kenke, ule ugali wetu wa mahindi yaliyochachushwa. Sowah naye hakuwahi kupigwa. Yeye na Kotei walikua pamoja, waliogelea pamoja, walichapwa pamoja kwa kuiba minofu iliyokaushwa. Na walipokuwa wazito wawili pekee katika mtaa mzima, kila mtu alitaka kujua jambo moja tu: nani angempiga nani.

Jambo hilo hatukulijua kwa miaka mingi. Sisi wa Kisimani tulisema Sowah anamkimbia Kotei. Wao wa Majiko walisema Kotei anamkimbia Sowah. Waliooana kati ya pande hizo mbili walisusiana supu. Mara glavu zilikuwa nyepesi mno, mara jina la nani litangulie kwenye bango, mara mwamuzi alikuwa shemeji wa mtu. Yote yakishakwisha, viongozi wa kambi hizo mbili walikaa, wakapeana mikono, wakatangaza tarehe. Halafu mtu mmoja hukumbuka kwamba tarehe hiyo imeangukia katika zile wiki za kabla ya Homowo, sikukuu yetu ya mavuno, ngoma zinaponyamazishwa mjini kote. Na Bukom pambano la ngumi bila ngoma ni kama msiba bila kilio. Basi pambano linaahirishwa. Kila Mga anaijua kalenda hiyo tangu tumboni mwa mama yake, lakini kila mwaka viongozi wa kambi zote mbili walishangaa.

Mimi nilikuwa msemaji wa Kisimani. Sikuchaguliwa, ila stashahada hukaa mbele hata kama haikualikwa. Nje ya klabu pana benchi, na jioni baada ya kusahihisha madaftari nilikaa hapo nikawahubiria mafundi na wavuvi juu ya ushujaa. Niliwaambia kwamba mwanamume hamkimbii mwanamume mwenzake, kwamba anayemkwepa mpinzani wake huikwepa nafsi yake, na maneno mengine ya namna hiyo, ambayo ukiyasema taratibu huonekana yana kina. Hata shuleni, kwenye mstari wa asubuhi, nilimtaja Sowah kama mfano wa woga, mpaka mpwa wake wa darasa la tatu akalia na mama yake akaja kuniuliza kama hiyo nayo iko kwenye mtaala.

Mwaka huu, ngoma zikiwa zimebakiza wiki chache kunyamaza, Naa Amerley alikuja nyumbani kwangu. Mkewe Kotei, Oyoe, alikuwa mjamzito, tumbo limeanza kuonekana. Naa hakukaa. Alisema kwamba mtoto hazungumzwi kabla hajafika, lakini wazee lazima wajiandae, na ukoo umeanza kufikiria nani atamtoa.

Nilianza kupanga uso wangu kwa ajili ya heshima ya pili.

"Mwalimu, nisikilize usikasirike," akasema. "Safari hii tunatafuta mtu mwingine."

Nikamwuliza nimekosa nini.

"Hujakosa. Lakini sokoni wanasema Kotei anamkimbia Sowah, na wakiuliza kaitoa wapi tabia hiyo, kila mtu anamtaja aliyemtoa nje. Ukoo wetu hauna waoga. Baba yake alikufa akipigana na papa. Sasa hii imetoka wapi?"

Nilimweleza kwamba anayekimbia ni Sowah. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mlevi akijieleza kwa padri, akaniambia nimsalimie mke wangu.

Sikulala vizuri. Sikuumia kwa ajili ya Kotei, ingawa hivyo ndivyo nilivyomwambia mke wangu. Niliumia kwa ajili ya jina langu. Asubuhi nilimfuata Kotei sokoni, nikamkuta nyuma ya lori na bonge begani. Nikamwambia kwamba lazima apigane na Sowah mwaka huu, na kwamba mtoto wake anakuja na hawezi kuja kwenye jina lenye doa. Sikusema doa hilo lipo kwenye jina la nani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kotei humsikiliza kila mtu mpaka mwisho. Barafu ndiyo isiyosubiri. Bega lake lote lilikuwa limelowa.

"Ataa," akasema, maana ndivyo anavyoniita, yaani baba, "sisi wazito hapa Bukom tuko wawili tu. Nikimpiga Sowah, nitapigana na nani tena? Akinipiga, nitakuwa nani?"

Nikamwambia hayo si maswali ya mwanamume.

"Sasa hivi nikipita na barafu, watoto wanasema huyu angempiga Sowah. Sijui kama ni kweli. Sowah naye hajui. Tukikutana kwenye misiba tunasalimiana, tunaulizana habari za mama zetu, hakuna anayegusa hilo neno. Ataa, mimi siogopi kupigwa. Ninaogopa kujua."

Mtu mwenye hekima angenyamaza hapo. Mimi nilimpa hotuba. Nilimtajia ukweli, heshima, kizazi kijacho, na nadhani Mfalme Daudi. Aliponiaga kwa adabu akaenda na bonge lake, lilikuwa limepungua sana, na mama aliyelisubiri alinitukana mimi, si yeye.

Siku chache baadaye redio ya lugha yetu, ile inayosikilizwa kwenye kila kibanda cha kenke, ilitangaza kwamba itawakutanisha wasemaji wa kambi hizo mbili asubuhi moja, wazungumze hewani nani anamkimbia nani. Mtangazaji alinipigia simu nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Nilijua upande wa Majiko atakuja kocha wa Sowah, mzee mwenye hasira za haraka ambaye akikasirika hupoteza maneno. Nilitayarisha hoja tatu, na za akiba mbili.

Kesho yake mtangazaji akapiga tena, kwa furaha, kunijulisha kwamba Majiko watamleta Awo Korkoi.

Awo Korkoi ni mama wa samaki. Ana majiko mengi ya kukaushia kuliko mtu yeyote pale chini, na ulimi ambao hata mbunge akiomba kura huzunguka njia nyingine. Alishawahi kumsimamisha mchungaji katikati ya mahubiri ili amuulize swali. Mimi mwenyewe, nikitaka kwenda posta, njia fupi hupita mbele ya majiko yake, na kwa miaka mingi nilipita nyuma, kando ya mtaro. Nilikuwa nimejiambia ni kwa sababu ya moshi.

Koo langu likaanza kuuma mchana ule ule.

Nilimwomba mtangazaji tusogeze mbele kidogo. Akakubali. Nikamwomba maswali yaletwe mapema, kila mmoja aongee bila kukatizwa. Akasema atajaribu. Nikauliza viti vya studio vina urefu sawa? Akasema hajawahi kuvipima. Nikamwambia kituo chao kiko karibu na Majiko kuliko Kisimani, je, hakuna mahali pa katikati? Mwishowe, nikikumbuka kalenda, nikamweleza kwa sauti ya huzuni kwamba Jumatatu ngoma zinanyamazishwa, na mimi kama mtu wa misimamo siwezi kupaza sauti katika wiki ambazo mji mzima umenyamaza.

Wala sikuona nafanana na nani. Naapa kwamba wakati ule sikuona.

Awo Korkoi aliona. Mtangazaji alimpa kipaza sauti peke yake, na mtaa mzima ukasikia.

"Kilichokatazwa ni ngoma," akasema. "Hebu niambieni, Mwalimu ni ngoma? Maana ndani naona ni mtupu vilevile."

Wiki ile nilikuwa ngoma. Nikipita, vijana waligonga meza kwa vidole, taratibu, kwa heshima ya katazo. Darasani mtu mmoja aligonga dawati mara moja tu na darasa zima likazama chini ya madawati kwa kicheko. Benchini wenzangu wa Kisimani walisogea kunipa nafasi, jambo ambalo huwafanyia wagonjwa. Nami niliendelea kuvaa skafu shingoni, katika joto la pwani, ili kila mtu aone koo.

Jioni moja Kotei akaja. Alikuwa amebeba bonge dogo la barafu ndani ya gunia.

"Nimesikia koo linakuuma, Ataa," akasema.

Alikaa, kiti kikalalamika. Mke wangu akampa kenke na samaki wa kukaanga, akala polepole, pilipili ikimtoa jasho. Mimi nilishika barafu shingoni kwa sababu sikujua nifanye nini kingine nayo. Hakuna aliyezungumza juu ya redio mpaka aliponawa mikono.

"Watu walikuwa wakisema nimekufuata wewe," akasema akitazama sakafu. "Nilikuwa nakataa. Nawaambia, hapana, Ataa amenipa mambo mazuri tu, hili la Sowah ni la kwangu mwenyewe."

Maji ya barafu yaliniingia ndani ya shati.

"Lakini juzi nilisikia umeuliza kama viti vina urefu sawa. Meneja wangu mwaka jana aliuliza kama kona za ulingo zina urefu sawa. Nikacheka peke yangu sokoni, wakadhani nimechanganyikiwa."

"Mwanangu," nikaanza.

"Tena kwa ngoma zile zile, Ataa." Hakusema kwa dharau. Kotei hana dharau, ingekuwa afadhali. "Mimi sina la kukulazimisha. Ila wewe ukienda kwa Awo Korkoi, mimi nitaweka saini kwa Sowah. Usipokwenda, basi tuwe tu hivi, na mtoto wangu atatolewa na mtu mwingine, nitamwambia alitolewa na mtu mwingine."

Akainuka, akamshukuru mke wangu, akaenda. Mke wangu akachukua skafu yangu, akaikamua dirishani, akaitundika kwenye kamba bila kuniuliza.

Nilikwenda. Nilivaa suti ya harusi na nilikuwa na zile hoja tatu kichwani. Awo Korkoi alikuwa amefika tayari, amejifunga kilemba cha bluu, ananukia moshi na sabuni. Alinisalimia vizuri kabisa, akaulizia koo. Na viti, nikavitazama, vilikuwa na urefu sawa.

Hoja yangu ya kwanza niliisema nusu. Ilihusu kanuni. Awo Korkoi aliinua kidole kama mwanafunzi, mtangazaji akamruhusu, nami kwa mazoea ya kazi nikamruhusu pia.

"Mwalimu, nataka kujifunza tu. Wewe unasema Sowah ni mwoga. Umewahi kumwona akipigana?"

Nikasema nimesikia habari zake kutoka kwa watu wa kuaminika.

"Haya. Kotei je, umemwona?"

Nikasema nimehudhuria mapambano yake yote, na hilo ni kweli.

"Kuhudhuria umehudhuria. Nimekuona. Unakaa kiti cha pembeni karibu na mlango. Kengele ikilia tu, unafumba macho mpaka ilie tena. Halafu unamuuliza jirani yako imekuwaje. Tangu Kotei ameanza ngumi, hujawahi kuona raundi moja. Au naongopa?"

Studio ilikuwa ndogo, na pumzi yangu niliisikia kwenye spika. Nilikuwa na hoja mbili bado, na za akiba mbili. Hakuna hata moja iliyohusu macho. Nje, nadhani, Bukom nzima ilikuwa imesimama na kenke mkononi.

"Huongopi, Awo," nikasema.

"Mtoto umemtoa nje kwa mikono yako, halafu akipigwa unafumba macho. Sasa woga wa Sowah uliuonea wapi, gizani?"

Mtangazaji alicheka mpaka akatoka kwenye kipaza sauti. Kilichonitoka mdomoni hakikuwa hoja.

"Naogopa ataumizwa," nikasema. "Kila mwaka tukipanga tarehe, mimi huwa najua imeangukia kwenye wiki za kimya. Huwa najua. Nanyamaza kwa sababu naogopa ataumizwa."

Nilingoja pigo la mwisho. Halikuja. Awo Korkoi alikuwa akiangalia mikono yake, mikono mikubwa iliyoungua na moshi wa miaka.

"Hata mimi zile tarehe huwa najua," akasema. "Sowah nimemlea jikoni kwangu. Nani anataka kumpeleka mtoto wake akapigwe na mtu mwenye mabega kama yale?"

Kisha akajikohoza, akakumbuka yuko hewani. "Lakini sisi tumeogopa vya kutosha kwa niaba yao, na wao wamezeeka wakisubiri tupone. Jumamosi ya kwanza baada ya Homowo, ngoma zikiwa zimerudi. Mwalimu, andika hiyo, wewe ndiye unayejua kuandika. Na usije na skafu."

Ndivyo nilivyopigwa, katika raundi ya kwanza, bila kumaliza hoja hata moja. Benchini walinipokea kama maiti inayotembea, lakini walinipokea. Kotei aliweka saini kabla ya wiki kwisha. Sowah naye aliweka. Nimeambiwa walikutana njiani wakitoka kusaini, wakasimama, wakaulizana habari za mama zao.

Siku ya pambano ngoma zilirudi kwa kisasi. Nilikuta kiti changu cha karibu na mlango kimeshachukuliwa, na Awo Korkoi ananipungia mkono kutoka mstari wa mbele, kando yake pana nafasi. Sikuweza kukataa mbele ya watu. Kengele ya kwanza ilipolia alinishika kifundo cha mkono kama mtu anayemshika kuku.

"Macho," akasema.

Basi nikaona. Sitaandika yote, maana bado sina uhakika kwamba mtu mwenye maadili anapaswa kuyaona, na kwamba akiyaona anapaswa kupiga kelele kama nilivyopiga. Nilimwona Kotei akitembea mbele kama alivyotembea na barafu, bila haraka. Nilimwona Sowah, niliyemwita mwoga mbele ya watoto, akisimama palepale na kupokea makonde ambayo yangebomoa ukuta wa shule yangu, naye akirudisha. Katika raundi ya tano konde la Sowah lilimkuta Kotei chini ya sikio, akaanguka kwa magoti, kisha kwa mikono. Awo Korkoi hakushangilia. Alinibana mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Na Sowah, badala ya kwenda kwenye kona yake, akainama kutaka kumwinua, mpaka mwamuzi akamsukuma.

Kotei aliinuka. Raundi zilizobaki alizipigana zote, na mbili za mwisho zilikuwa zake waziwazi. Majaji wakampa Sowah kwa pointi chache. Kisimani tulisema jaji mmoja ni shemeji wa mtu. Sikusema hivyo kwa sauti. Nilikuwa nimeona, na ubaya wa kuona ni kwamba kunakunyima maneno mengi.

Nilimwogopea asubuhi iliyofuata kuliko nilivyomwogopea ulingoni. Aliniuliza akipigwa atakuwa nani, nami nilikuwa na Mfalme Daudi tu. Nikaenda sokoni mapema. Alikuwa kazini, jicho moja limefungwa, amelibandika kipande cha barafu, bonge lingine begani. Watoto walimfuata mpaka mwisho wa soko wakibishana. Mmoja alikuwa akisema kwamba huyu ndiye pekee aliyesimama na Sowah mpaka kengele ya mwisho, na mwingine kwamba raundi moja zaidi na Sowah angelala.

"Nimejua, Ataa," Kotei akaniambia akicheka kwa upande wa mdomo ambao haukuvimba. "Kumbe hata ukijua, wao hawajui."

Na kweli. Wiki haijaisha, Kisimani tukawa tunasema Sowah anamkimbia Kotei, anaogopa marudiano. Majiko wakasema mkono wa Sowah unauma na jina lake lazima litangulie kwenye bango. Halafu viongozi wao wakapendekeza tarehe ya mwakani, nzuri sana, kila mtu akaisifu. Nilihesabu kwa vidole. Imeangukia katikati ya wiki za kimya. Safari hii nilisema papo hapo, na benchi zima likanitazama kama mtu aliyekohoa wakati wa sala.

Oyoe alijifungua mtoto wa kike. Kwa mtoto wa kike hutakiwa mwanamke, kwa hiyo Naa Amerley hakuwa na haja ya kunikataa tena, ingawa alikuja kunikataa kwa ajili ya uhakika. Ukoo ulimchagua Awo Korkoi, wa Majiko. Wazee wawili walipinga, Kotei akasema tu kwamba anataka binti ambaye mtu akimdanganya, atamwinulia kidole. Mimi nilipewa kazi ya kurusha maji juu ya bati. Ni kazi ndogo, mtu yeyote huweza kuifanya, na niliipokea kwa furaha kuliko ile kubwa ya kwanza.

Alfajiri hiyo ua ulijaa watu wa pande zote mbili. Sowah alikuwepo, mkono wake mzima kabisa, akiwa amembeba mama yake mzee mgongoni kwa sababu njia ilikuwa na matope. Awo Korkoi alimlaza mtoto chini, kichanga kizito, bila shaka. Nikaambiwa nirushe. Nikachota, nikarusha, na kwa mazoea ya miaka yote nikafumba macho na kurudi nyuma hatua moja.

Maji yalishuka kwenye kilemba cha bluu cha Awo Korkoi, yote. Mtoto alibaki mkavu.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu ya maombi. Awo Korkoi hakuinua kichwa wala sauti. Maji yalimtiririka puani akiwa amemwekea mtoto kiganja tumboni.

"Rudia, Mwalimu," akasema taratibu. "Na sasa fungua macho."

Nikachota tena.